Isipokuwa Nani? Mwalimu Immaculate Muhonja Aweka Chaki Chini

Mwalimu Immaculate Muhonja Shitanda anastaafu tarehe thelathini na moja Desemba mwaka huu, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minane. Ishirini na sita kati ya hiyo ameifanya hapa hapa Shule ya Msingi Lukanji. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Beverlyne, alipouliza ni nani ataandika wasifu wa kuwekwa kwenye programu ya leo, walimu walitazamana, halafu wakanitazama mimi. Mimi naitwa Navalayo. Nilipika uji na githeri katika jiko la shule hii mpaka mgongo uliponikataza, kwa hiyo mimi ni mfanyakazi mwenzake. Pia mimi ndiye niliyemzaa. Sioni ubaya wa kuwa vyote viwili.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini lilikuwa darasa la nne la wakati ule, la kuchapwa na kuelewa, na barua zangu hazijawahi kurudishwa na mtu akisema hazisomeki. Mtanisamehe mahali nitakapojisifu. Mama asiyemsifu mtoto wake anangoja nani amsaidie?

Wacha niseme jambo moja mapema, ili lisije likasahaulika katikati ya vigelegele. Immaculate amechoka. Najua katika maandishi ya namna hii watu huandika kwamba mstaafu bado ana nguvu kama za kijana. Huyu hana. Sauti yake imeliwa na vumbi la chaki mpaka siku hizi kanisani anaimba midomo tu. Miguu yake inavimba ikifika saa nane. Jioni anaketi mlangoni na viatu mkononi, hajui kama anavitoa au anavivaa. Miaka hiyo yote haikupita hewani, ilipita mwilini mwake, na mimi mama yake nimeiona ikipita.

Alianzia kazi Lugari, kwenye yale mashamba yaliyokuwa ya wazungu, akifundisha watoto wa familia zilizopewa ardhi huko. Darasa lake lilikuwa ghala la mahindi la zamani, na mvua ikinyesha juu ya yale mabati alikuwa anafundisha kwa mikono kama mtu anayeelekeza lori. Alikuwa na baiskeli ya kiume, ya kwanza kupandwa na mwanamke katika eneo lile, na wazee wa huko walikuwa wakitoka nje kumtazama akipita kama vile watu wanavyotoka kutazama fahali wa kupigana. Baadaye alihamishiwa mjini Kakamega, shule ya karibu na soko, ambako alisema watoto walijua kuhesabu kabla hajawafundisha, kwa sababu mama zao walikuwa wauza nyanya. Kisha akaletwa Lukanji, karibu na kwetu, akapewa nyumba ya mwalimu ile ya pale nyuma ya darasa la nne. Ndimo anamoishi mpaka leo.

Waliopitia mikononi mwake ni wengi. Yuko daktari, wako wauguzi, yuko yule anayesoma habari redioni kwa sauti nzuri kuliko sura yake, na wako waendesha boda boda ambao hata leo wakimkuta barabarani wanazima pikipiki kwanza ndipo wamsalimie. Wote hao walipita mkono wake, na wengi walipita mwiko wangu.

Sasa niseme juu ya neno.

Mwalimu huyu alifundisha Kiingereza chote, lakini kama ungesimamisha mtu yeyote aliyesoma kwake ukamuuliza alifundishwa nini, angekutajia neno moja: except. Kwa Kiswahili tunasema isipokuwa, au ila. Wote wamekuja isipokuwa fulani. Kila kitu kimepikwa ila nyama. Immaculate alikuwa akisema watoto hujifunza neno la wote upesi sana kwa sababu ni tamu, linafanana na sherehe. Lakini except hawalielewi mpaka siku litakapowauma wenyewe. Kwa hiyo hakulifundisha ubaoni peke yake. Alilifundisha kwa kuuliza. Mtoto akisimama na kusema wote wamefanya kitu fulani, Mwalimu hakumsifu wala hakumkosoa. Aliuliza tu: "Except who?" Isipokuwa nani? Na sheria yake ilikuwa moja. Ukitaka kumtoa mtu katika wote, umtaje jina, ukiwa umesimama, ukiwa unamtazama usoni. Huruhusiwi kumtoa kimya kimya.

Mnaweza kudhani ni mchezo. Jaribuni. Watoto wengi walisimama, wakafungua mdomo, wakamtazama yule mwenzao, na jina likakataa kutoka. Basi ikabidi arudishwe ndani ya wote, kwa sababu hakuna aliyeweza kumtoa.

Mimi nilikuwa jikoni siku neno hili lilipofanya kazi kubwa kuliko zote. Palikuwa na msichana anaitwa Cherono, baba yake alikuwa amehamishwa kuja kufanya kazi kwenye kituo cha msitu cha Isecheno. Mtoto mrefu, mkimya, na Kiluhya hakukijua hata cha kuombea maji. Wakati wa chakula wasichana walikuwa wakiketi kwa vikundi chini ya ukuta, kila kikundi na sinia yake. Mimi nilikuwa napakua, sinia zinaondoka, zinarudi zimelambwa. Immaculate akaja akauliza, "Wote wamekula?" Kiranja wa chakula, kasichana kadogo kenye mdomo mkubwa, akajibu, "Wote, Mwalimu!"

"Isipokuwa nani?"

Yule kiranja akaangalia vidole vya miguu yake. "Mwalimu, yeye anakulanga kwao."

"Nani?"

"Huyo wa msitu."

"Ana jina."

"Cherono."

"Mwite. Mwambie mbele yangu: wote tule isipokuwa wewe."

Cherono akaja, akasimama na mikono nyuma. Yule kiranja akamwangalia. Akafungua mdomo. Akaufunga. Halafu akaanza kulia, si Cherono aliyelia, ni kiranja! Akamshika mkono akampeleka kwenye sinia yake mwenyewe. Mimi niliongeza mwiko wa githeri juu ya sinia ile, na sikuulizwa na mtu. Kuanzia siku hiyo Cherono hakula peke yake tena, na kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anatukana Kiisukha, Kiluhya chetu, vizuri kuliko wajukuu zangu.

Mara nyingine aliwapeleka watoto kwa miguu hadi Isecheno, akawasimamisha mbele ya kibao cha pale msituni, kile kinachosema hakuna mtu kuingia kuchukua kuni isipokuwa mwenye kibali. Akawaambia walitazame neno hilo hilo vizuri. Likikaa baada ya wote, linamtoa mtu nje. Likikaa baada ya hakuna, linamwingiza mtu ndani. Ni mlango mmoja, alisema, inategemea umesimama upande gani. Watoto waliandika. Mimi nilikuwa nimeenda nao kubeba maji ya kunywa, na nilirudi nyumbani nikilifikiria hilo kuliko nilivyofikiria kuni.

Kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa na neno letu.

Immaculate hakuolewa. Wachumba walikuja, msidhani hawakuja. Mmoja alikuja na baiskeli mpya na kofia mbili. Lakini marehemu mume wangu, Mzee Shitanda, alipooza upande mmoja wakati ndugu zake Immaculate wangali shuleni, Nehemiah na Mathew, na huyu binti akawa ndiye mguu wa baba yake na mkono wangu. Mathew, kitinda mimba, alibebwa mgongoni kwake mpaka nikasahau mtoto ni wa nani. Miaka ikapita namna hiyo. Hakulalamika. Alichoka tu.

Sasa mwalimu akistaafu, nyumba ya shule inarudi shuleni. Hiyo ni haki, mwalimu mwingine anakuja na watoto wake na masufuria yake. Lakini mwanangu alipaswa kwenda wapi? Kwetu Isukha, mtoto wa kiume akitoka jandoni anajengewa isimba, nyumba yake ndogo ya ujana katika boma la baba yake, na kutoka hapo anakatiwa shamba. Mtoto wa kike hajengewi. Inasemekana kwake ni huko atakakoolewa. Na asipoolewa? Hapo ndipo watu wanaanza kukohoa. Anaweza kulala kwa mama yake kama mgeni, sawa. Lakini siku akifa anazikwa nje ya ua, huko kwenye migomba, upande ambao hakuna mlango unaoutazama. Nimewaona wanawake wawili wakizikwa hivyo maishani mwangu, na mmoja alikuwa shangazi yangu, aliyenifundisha kusuka vikapu. Kaburi lake sasa linalimwa viazi.

Watu waliniambia, Mama Mwalimu, si anunue ploti mjini? Anaweza. Lakini ploti ya mjini ni mahali pa kukaa, si mahali pa kurudishwa. Mimi nina karibu miaka themanini. Nilikuwa nalala nikihofia kwamba nitatangulia, nimwache mtoto wangu mkubwa hana hata futi moja ya udongo ambayo mtu atasema, hapa ni kwake. Hofu hiyo imeninyima usingizi kuliko mgongo.

Basi likizo ya Agosti niliita kikao. Alikuja Nehemiah, ambaye amejenga upande wa barabara. Alikuja Mathew kutoka Lugari, ambako analima mahindi. Na alikuja Ingosi, mdogo wake marehemu mume wangu, maana baba akifa, yeye ndiye baba. Ingosi ni fundi wa nyumba. Kutoka hapa mpaka Khayega ukiona paa limenyooka, uliza, utaambiwa ni mkono wake, na asipokuwepo mtu wa kukuambia atakuja kukuambia mwenyewe.

Ingosi akaanza bila hata kuweka kofia chini. "Nimeitwa na mulamwa wangu, shemeji, nikaja. Lakini shamba la ndugu yangu lilishagawanywa. Watoto wote wa Shitanda wako na mahali pao. Sasa tunakunywa chai ya nini?"

"Ni kweli," Nehemiah akasema. "Wote tuko sawa."

Immaculate alikuwa amesimama na birika mkononi, anamimina. Hakuinua sauti, na hata angetaka kuiinua asingeipata. Akauliza kama anavyoulizanga: "Isipokuwa nani?"

Ingosi akacheka. "Mwalimu, hapa si darasani."

"Najua, baba mdogo. Darasani wangekuwa wamejibu."

Nehemiah akaongea na kikombe chake. "Si mambo ya desturi yanajulikananga tu. Hakuna haja ya kutaja."

Immaculate akangoja. Huyu binti yangu anajua kungoja, amewangoja watoto wenye kigugumizi mpaka kengele ikalia. Tukamsikia kuku akitembea juu ya mabati. Mwishowe Ingosi akavuta pumzi, akamtazama usoni, akasema, "Haya. Isipokuwa wewe, Immaculate. Msichana hajengewi isimba. Nimesema."

"Asante, baba mdogo," akasema. "Sasa nimesikia." Akamjazia kikombe mpaka juu, akaenda jikoni.

Nawaambia ukweli, nilitaka kumpiga Ingosi na kigoda. Lakini kabla sijakishika, Nehemiah aliruka kama mtu aliyekalia moto. "Lakini mimi sikusema hivyo!"

"Wewe ulisema wote," Ingosi akamjibu. "Mimi nimekumalizia tu. Mnataka niwabebee neno lenu mdomoni kama paka anabeba mtoto wake, halafu nikilitema mnasema ni langu?"

Mathew hakuwa amesema hata neno moja tangu aingie, alikuwa anaangalia simu ambayo najua haikuwa na chaji. Aliondoka kabla ya obusuma, ugali wetu, kuiva. Ingosi naye aliondoka, na kikombe chake nikakikuta kimejaa vile vile.

Usiku huo Immaculate hakulia, kama mnafikiri alilia. Alisahihisha vitabu vya darasa la tano. Nilimuuliza, mama, utafanya nini? Akaniambia, "Nimechoka, Mama. Wacha nimalize hivi vitabu kwanza."

Kuna kipande changu cha mboga mbele ya nyumba yangu, pale ninapopanda mrenda na kunde. Hicho ni changu nikiwa hai. Nikiondoka, kwa desturi yetu nyumba ya mama na mahali pake hurithiwa na kitinda mimba, yaani Mathew. Kwa hiyo sikuweza kumpa Immaculate bila Mathew kukubali, na Mathew akikataa hakuna wa kumlazimisha. Nikampigia. Nikamwambia, Mathew, ile sehemu yangu ya mboga, nataka dada yako ajenge hapo. Akasema, "Mama, nitakupigia."

Hakupiga. Nyinyi wenye umri mdogo hamjui uzito wa neno hilo nitakupigia. Niliweka simu kwenye mfuko wa aproni, nikaiweka kando ya kitanda, nikaipeleka mpaka chooni. Majirani walianza kunisikia nikiisemesha. Wiki zikapita, shule zikafunguliwa, na Bi. Beverlyne akatangaza gwarideni kwamba mwalimu mpya atakuja kuangalia nyumba. Immaculate akaanza kufunga vyombo vyake kwenye magunia. Hakusema anafunga vya kwenda wapi. Mimi nilichoka hata kuomba. Nilikuwa napiga magoti, nakaa hapo tu kimya, nainuka.

Halafu Jumamosi moja ya Septemba pikapu ikaingia uani, imejaa nguzo za mkaratusi, na juu ya nguzo ameketi Mathew, amejaa vumbi la Lugari mpaka kwenye kope.

"Mama," akasema, "unataka ikae wapi? Karibu na mchungwa ama huku kwa mrenda?"

"Si ulisema utapiga simu?"

"Niliona nikipiga nitaongea tu."

Nilimpigia Immaculate akaja mbio, yeye na miguu yake ile. Alipoziona nguzo alisimama langoni. Watoto wa Nehemiah wakaanza kumtania, "Shangazi anajengewa isimba! Shangazi ametoka jandoni!" Akawaambia, "Ndiyo, nimechelewa kidogo kupona." Hapo ndipo nilipomwona akicheka mara ya kwanza tangu Agosti.

Lakini nguzo ya kwanza haipandwi na kila mtu. Kwetu ni baba anayeipanda, au ndugu wa baba. Nyumba ambayo nguzo yake ya kwanza imepandwa na mtu mwingine ni kibanda tu, unaweza kuambiwa ubomoe wakati wowote, na hakuna mzee atakayekutetea. Kwa hiyo tulimtumia Ingosi ujumbe. Alikuja, amevaa koti la kwenda mazishini, akaketi kwenye kigoda kando ya ua, akaegemea fimbo yake.

"Nimekuja kusalimia," akasema. "Sitapanda nguzo ya msichana. Neno langu nilishalitema, sirudi kulilamba."

"Karibu tu, baba mdogo," Immaculate akamwambia, akamletea maji.

Basi Mathew akachukua jembe akaanza kuchimba mwenyewe, na macho yake mekundu, nadhani ni vumbi. Sasa Mathew ni mkulima mzuri. Mahindi yake yanasimama kama askari. Lakini shimo la nguzo si shimo la mbegu. Alichimba pana, fupi, limeinama upande mmoja.

"Hiyo ni shimo ama ni kaburi ya kuku?" Ingosi akauliza kutoka kwenye kigoda.

Mathew akatia nguzo. Nguzo ikainama.

"Inaangalia wapi hiyo? Inaenda Kisumu?"

Mathew akaisukuma, ikainama upande wa pili.

"Sasa imerudi kutoka Kisumu imelewa! Wewe kijana, nani alikufundisha? Toa mawe hapo chini. Si hayo. Hayo mengine! Ai, mulamwa, huyu mtoto wako ananitia aibu, watu wakipita barabarani watasema ni ukoo wa Ingosi ndio wanajenga hivi."

"Si unyamaze, baba mdogo, kama husaidii," Mathew akasema.

Ingosi akanyamaza. Mnamjua fundi aliyenyamazishwa? Alikuwa anahema kama sufuria yenye mfuniko mzito. Mathew akaanza kujazia udongo, nguzo imekaa mshazari wazi wazi, hata mimi nisiye fundi niliona. Ghafla fimbo ikaanguka, koti la mazishi likatupwa juu ya ua, na Ingosi akavuka uwanja.

"Leta hapa hiyo kitu!"

Akamnyang'anya Mathew jembe. Akang'oa nguzo. Akalichimba shimo upya, jembamba, refu, pande zimekatwa wima. Akashusha nguzo ndani kama mtu anavyomshusha mtoto kwenye kitanda, akafunga jicho moja, akaenda huku, akaenda kule, akapanga mawe, akajaza udongo, akaukanyaga kwa kisigino akizunguka, akizunguka, mpaka nguzo ikawa haitikisiki. Akaipiga kofi moja kama ng'ombe aliyenunuliwa. Ndipo akainua kichwa.

Mkono wangu ulikuwa mdomoni. Nehemiah naye alikuwa amekuja, amesimama upande wake wa ua, ameshika waya. Ingosi akaitazama nguzo. Akatazama mikono yake, imejaa udongo wa kaka yake.

"Sikuipanda," akasema. "Nimeinyoosha."

"Tumeona, baba mdogo," Immaculate akasema.

"Nimerekebisha makosa ya huyu."

"Ndiyo."

Na ni Nehemiah, yule aliyesema wote tuko sawa, aliyetoka huko kwenye waya akasema kwa sauti kila mtu akasikia: "Baba mdogo, hiyo imepandwa." Kisha akarudi nyumbani kwake. Hatujaongea sana tangu siku hiyo, sitawadanganya kwamba mambo yote ni asali. Lakini jioni alimtuma mkewe na misumari.

Ingosi aliapa hatarudi. Kesho yake alfajiri alikuwa hapo na kamba na pima maji, akisema nyumba ikiegemea lawama itakuwa yake. Alipiga paa mwenyewe. Mpaka leo ukimuuliza atakuambia hajawahi kujenga isimba ya msichana. Tumemwachia maneno yake. Nyumba ina mabati, ina dirisha linalotazama mchungwa, na iko ndani ya ua. Narudia kwa walioketi nyuma: iko ndani ya ua.

Immaculate aliniambia nisiandike hayo yote, niandike tu juu ya kwaya na matokeo ya mitihani. Kwaya ilikuwa nzuri. Matokeo yalikuwa mazuri. Nimeandika.

Ninawashukuru walimu wenzake ambao mlimwazima sauti zenu kwenye gwaride wakati yake ilipokwisha. Ninawashukuru wazazi mlioleta watoto Lukanji ingawa kuna shule zilizopakwa rangi. Bi. Beverlyne, asante kwa kumwongezea wiki moja ya kukaa na ufunguo ili udongo wa kuta ukauke. Wanafunzi wa darasa la tano, mtaletewa mwalimu mwingine. Msimsumbue mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili mtajua wenyewe.

Siku ya kuhama ni Jumamosi. Magunia si mengi, maisha ya mwalimu hayajazi mkokoteni. Watakaokuja kusaidia, naomba msiishie barabarani. Vyombo mvifikishe mpaka ndani, mlango uko wazi, na chai itakuwapo.

Mimi ni mzee, na hofu niliyokuwa nalala nayo imeondoka. Kilichobaki ni uchovu tu, na uchovu ni kitu ambacho mtu anaweza kukilalia. Tutakuwa wanawake wawili waliochoka, kila mmoja na mlango wake, tukisalimiana asubuhi kupitia mrenda.

Mwalimu wetu, mwanangu, sisi sote wa Lukanji tunakuombea asubuhi nyingi zisizo na kengele, miguu isiyovimba, na uzee wenye kelele za watoto wanaopita barabarani bila wewe kuulizwa wamefanya nini. Umewafikisha watoto wa watu. Sasa karibu nyumbani.